Sinia la Bibi Lilipoingia Chumbani

Juzi nilirudi Misima. Sikwenda kwa harusi wala kwa msiba. Mama mdogo alinipigia simu kwamba ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi umeinama, nikautazame kabla mvua hazijauangusha, nami kwa jinsi nilivyochoka nikashindwa hata kutafuta kisingizio. Nikapanda basi Korogwe, nikashuka Handeni mjini, bodaboda ikanimalizia vumbi lililobaki. Nilipofika, mke wa binamu yangu alininawisha mikono, akaniletea chakula kwenye sahani yangu mwenyewe, safi, imefunikwa kwa sahani nyingine. Akasema karibu, kisha akarudi jikoni. Nikabaki sebuleni naitazama ile sahani.

Wewe rafiki yangu utasema, sasa sahani nayo ina nini? Ngoja nikueleze.

Katika nyumba ile nilipokuwa mdogo tulikula wanne kwenye sinia moja: bibi, mama mdogo ambaye alikuwa bado hajaolewa, mjomba na mimi. Mama yangu alikuwa Korogwe akiuza matunda stendi, akija kutuona analeta samaki wakavu wamefungwa kwenye gazeti. Siku nyingine zote ilikuwa bada, yaani ugali wetu wa muhogo, na mlenda au kisamvu. Mpaka leo nikisikia kisamvu kinatwangwa kinuni mahali, mate yananijaa mdomoni. Bibi alisonga bada akiwa ameuma meno, jasho linamtiririka, halafu akaigeuza kwenye sinia kwa pigo moja, ikakaa pale inatoa moshi. Tulikaa kwenye mkeka, kila mtu na upande wake. Upande wangu ulitazamana na wa mjomba, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu. Mjomba hakuwa mtu wa kula nyama wala samaki mbele ya mtoto. Alikuwa akizungumza, anacheka, anamchokoza mama mdogo kuhusu wachumba wake, na huku kidole chake kinakisukuma kipande cha samaki taratibu mpaka kinafika kwangu. Ukimtazama usoni utadhani hajui kidole chake kinafanya nini.

Mjomba alizaliwa na ualbino. Nyumba nzima tulifuata saa zake. Tulikwenda shamba kabla jua halijatoka, tukarudi likianza kuuma, na mchana yeye alikaa ndani anamenya mihogo. Alivaa mikono mirefu na kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, iliyofungwa kwa kamba chini ya kidevu. Lakini mahindi yakikomaa, ngedere huja mchana, wakati watu wamelala au wamekwenda sala. Lazima mtu akae shambani awafukuze. Bibi alimkataza kila mwaka, na kila mwaka mjomba alimjibu, "Mama, ngedere hawamngojei mtu jua litue." Akaenda, akakaa huko anapiga debe na kupayuka, nasi nyumbani tulimsikia tukacheka.

Kidonda kilianzia nyuma ya sikio, pale kamba ya kofia inapopita. Basi sote tukailaumu kamba. Bibi aliibadilisha akaweka ya kitambaa laini. Kidonda hakikupona, akaibadilisha tena. Akasuka kofia nyingine, nyepesi zaidi, na akaweka majani ya mwarobaini yaliyopondwa juu ya kidonda. Ilikuwa kazi ya mapenzi na ilifanywa kwa uhodari, kofia zile zilikuwa nzuri kweli. Wakati huo wote ugonjwa ulikuwa ukishuka shingoni.

Mama alipokuja akamwona, alimchukua siku ileile. Walianzia Korogwe, wakapelekwa hospitali kubwa mbali zaidi, wakarudi mjomba akiwa amefungwa bandeji mpaka begani. Ni saratani ya ngozi, mama alisema, na imeshakwenda mbali, kuikata hakutaimaliza. Wamesema tumtunze nyumbani.

"Sawa, tumtunze," bibi alisema. "Na dawa yake ni ipi?"

Mama alichukua dumu akaenda lamboni kuteka maji, mama ambaye hakuwa ameteka maji ya lambo tangu ahamie mjini.

Halafu ikaja harufu. Nataka nikueleze vizuri, maana hapa ndipo tulipopotea. Kwa watu wetu humwambii mtu ananuka, sembuse mgonjwa. Hushiki pua, hukunji uso, hufungui hata dirisha kwa haraka. Adabu hiyo tumelelewa nayo. Kwa hiyo hakuna aliyesema neno. Bibi alichoma ubani asubuhi na jioni, na mtu akiuliza, anasema ni wa kufukuza mbu. Majirani walikuja kila siku, hakuna hata mmoja aliyetutupa, ila waliishia barazani. "Mgonjwa kaamkaje? Haya, tusimchoshe." Tusimchoshe! Nililisikia neno hilo mpaka nikalichukia. Wakati wa kula mama mdogo alisema ameshaonja jikoni, ameshiba. Mjomba alikuwa anasikia yote hayo. Shingo ndiyo ilikuwa mbovu, masikio yalikuwa mazima.

Mchana mmoja akasema, "Mama, mimi nipakulieni kwenye sahani. Shingo inaniuma nikiinama kwenye sinia."

Uongo ule ulitufaa sote, tukaupokea. Ikatafutwa sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, akawa analetewa chumbani, mlango unarudishwa. Nilikuwa nikiifuata baadaye. Ilirudi kama ilivyokwenda, imepungua tonge moja, pengine mawili. Na sisi huku nje tulikula kimya, sinia limekuwa kubwa ghafla. Mjomba alikuwa akikwisha mbele ya macho yetu. Nilimsikia bibi akimwambia jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa rafiki yake tangu usichana, "Mwanangu hafi kwa donda. Anakufa kwa kula peke yake." Akalia, na ndiyo mara ya kwanza kumwona bibi analia kabla mtu hajafa.

Muuguzi alikuja kwa pikipiki kutoka Handeni, mama mnene kidogo, mwenye mtandio uliojaa vumbi. Kazi yake ilikuwa kuzungukia wagonjwa wa namna ile majumbani. Akatoa shikamoo, akaingia chumbani, nasi tukamfuata tukajipanga ukutani. Akafungua bandeji, akatazama. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema mvua itanyesha:

"Kidonda kinanuka, bibi. Tuseme tu, ili tukitibu."

Nilidhani nyumba itaanguka. Mama mdogo alitazama chini. Ndipo kutoka kitandani tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kwa muda mrefu. Mjomba alikuwa anacheka.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nilidhani ni pua yangu peke yake."

Tukacheka sote, bibi akicheka na machozi yanamtoka. Muuguzi hakucheka sana, alikuwa na kazi. Alitufundisha kuchemsha maji na chumvi, yapoe, kulowesha bandeji kwanza ili isibanduke na nyama. Alisaga vidonge alivyokuja navyo, akanyunyiza unga wake juu ya kidonda, akasema hiyo ndiyo dawa ya harufu na ataendelea kutuletea. Akaacha chupa ya dawa ya maji ya kutuliza maumivu: anywe kwa saa zake, msingoje mpaka aanze kuugulia. Akamgeukia mama mdogo, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. "Na wewe ulale. Pangeni zamu. Majirani wanaokaa pale barazani wana mikono, wapeni kazi." Mjomba akamuuliza kama atapona. Akamwambia hapana, ila hataachwa aumie hivi.

Siku zile zilizofuata nilichota maji mpaka utosi ukauma, maana kidonda kile kilitaka maji mengi, lakini harufu ilipungua, kweli ilipungua. Haikwisha. Ila sasa ilikuwa na jina, na mtu aliweza kusema leo imezidi, leo afadhali.

Na bibi, mchana ule ule wa muuguzi, alisonga bada kama kawaida. Alipoigeuza kwenye sinia hakulileta kwenye mkeka. Alilibeba kichwani, akausukuma mlango wa chumba kwa mguu, akaliweka juu ya kigoda kando ya kitanda, juu kiasi ambacho mjomba hahitaji kuinama. "Leo tunakula huku," alisema. Yule rafiki yake wa barazani, aliyekuja kusema tusimchoshe, alishikwa mkono akaketishwa. Akanawa, akala. Kesho yake alikuja mwenyewe na kisamvu.

Tulikula humo mpaka mwisho. Baadaye mjomba hakuweza kumeza ila uji, lakini alitaka sinia liwepo. Alikaa ameegemea ukuta, anasikiliza umbea wa kijiji, na kidole chake, kimebaki mfupa, kinasukuma kipande cha samaki kuja upande wangu. Alifariki vuli ilipoanza, asubuhi, mama na bibi wakiwa wamemshika. Ile sahani ya bati bibi aliipeleka bandani, kuku wakawa wanainywea maji.

Leo bibi hayupo. Kinu kimepasuka, lambo limejaa magugu, maji ni ya bomba siku yanapotoka. Nasikia watoto wenye ualbino wanapewa mafuta ya kukinga jua na kofia za ukingo mpana, kidonda kidogo kinatazamwa mapema. Nafurahi, ingawa furaha yenyewe inanichosha, maana inanikumbusha zile kofia nzuri za bibi. Nilimuuliza mke wa binamu yangu sinia liko wapi. Akasema lipo uani, limefunika pipa la maji. Sikumlaumu, ametunza nyumba vizuri na hakumjua mjomba.

Nikafunua chakula changu. Wali, mchicha, na kipande kimoja kizuri cha samaki. Nilikula polepole, nikiwaza ukuta ule na fundi wa kuujenga, na nilipotazama chini nikaona nimekisukuma kile kipande mpaka ukingo wa mbali wa sahani, na upande ule hakuna mtu.