Pini ya Shangazi Kutu

Shangazi yangu hatakati. Ule unga mwekundu wa chuma anaouchanganya kiwandani umemwingia hadi kwenye kucha. Foronya zake zote zimegeuka rangi ya waridi, na ukutani anapoegemea akinywa chai pana alama ya mgongo wake. Kazini wanamwita Kutu, naye huitika bila kununa.

Miaka ishirini na miwili anatengeneza sumaku za spika. Husaga unga kwa maji, huugandamiza kuwa pete, kisha huzichoma tanurini mpaka zinatoka nyeusi na ngumu kama kigae. Nilipokosa kazi alimwendea meneja akanidhamini: "Huyu ni damu yangu. Akiharibu, tufukuze wote wawili."

Siku ya nne nikaharibu.

Shangazi alikuwa ametoka kidogo. Nikakuta sinia tatu za pete zimetoka tanurini, nikachomoa pini kwenye koti lake lililotundikwa, nikaigusisha kwenye pete moja nione kama itanasa. Ikaanguka. Nikajaribu pete nyingine, ikaanguka tena. Mimi na kimbelembele changu! Nikaona mzigo mzima umekufa, nikaumwaga wote kwenye mashine ya kusagia mabaki. Aliporudi alinikuta natabasamu.

"Mwanangu, nani kakwambia zinatoka humo zikiwa sumaku? Sumaku tunaitia baadaye, kwa mashine ile pale."

Mteja alizitaka Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Shangazi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimweleza meneja kila kitu, akarudi na jibu: Ijumaa zikitoka nzima tunabaki, zikipasuka twende zetu.

Tukausaga upya unga uleule, tukagandamiza, tukachoma. Ijumaa asubuhi tanuri lilikuwa bado la moto, nami roho juu, nikataka kufungua kidogo tu. Shangazi akaburuta kiti, akaketi akaziba mlango, akatoa sweta anayoifuma.

"Baridi ikizipiga ghafla zinapasuka. Kaa."

Nikakaa saa tano nzima. Nampenda sana shangazi yangu, lakini saa zile nilimchukia.

Haikupasuka hata moja. Tulipokwisha kuzitia sumaku, alichomoa pini kwenye koti lake akanipa. Niliisogeza tu, ikaruka ikanasa. Nikaanza kulia.

"Itunze," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza, kwa pini hiyohiyo, nilimwaga sinia tano."