Siku Kumi na Moja za Chumba cha Pili

Katika kliniki ile ya macho, wageni wengi walidhani bosi ni yule mwanamke wa dirisha la kushoto. Hawakukosea sana. Kazi yake ilikuwa kutunza mafaili ya wafanyakazi, nao wakamwita Bi Faili, mbele yake na nyuma yake, maana hakuchukia. Kliniki ilihudumia wagonjwa kwa mkataba wa serikali, na mkataba ulikuwa na sharti moja alilolijua kama jina la mama yake mzazi: mtu hapimi jicho la mgonjwa bila leseni iliyo hai. Cheti cha chuo hakitoshi, uzoefu wa miaka hautoshi. Leseni, na tarehe yake iwe haijapita.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi alifungua mafaili yote, akapitisha kidole kwenye tarehe. Miaka kumi na tisa kidole hicho hakikupata pa kusimama. Jumatatu hiyo kikasimama. Leseni ya mpima macho wa chumba cha pili ilikuwa imeisha jana yake. Na mpima macho huyo, nisikufiche, alikuwa mume wa binti yake.

Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Tarehe haikumwonea huruma.

Alimkuta chumbani anamkalisha mgonjwa wa kwanza, mzee mmoja, mbele ya chati ya herufi.

"Mwanangu, leseni yako imeisha."

"Najua, Mama. Nimebakiza masaa sita ya mafunzo, ndipo baraza linipe mpya. Namaliza mwezi huu huu."

"Basi mwezi huu huu utarudi. Kwa sasa vua koti."

Kijana akacheka, akidhani mama mkwe anatania. Alipoona anacheka peke yake, akalivua.

"Na mimi nivue nini?" akauliza yule mzee kwenye kiti.

Bi Faili akamshika mkono mzee wa watu, akampeleka chumba cha kwanza, kwa mpimaji mwingine. Kisha akafunga chumba cha pili kwa ufunguo, akaandika kwenye daftari la zamu: *Chumba cha pili kimefungwa. Leseni ya mpimaji imeisha.*

Meneja akaja mbio, shati limemtoka kiunoni. "Mwisho wa mwezi mkaguzi anakuja kuamua kama mkataba unaendelea. Akiuona mstari huo, tumekwisha. Andika alikuwa likizo."

"Hakuwa likizo."

"Ni mkwe wako, mama. Msitiri."

"Angekuwa mtu baki ningeandika hivyo hivyo."

Jioni binti akapiga simu. "Mama, umemtoa mume wangu mbele ya wagonjwa?"

"Mbele ya mgonjwa mmoja."

"Hakuna anayemshinda kazi hapo, na wewe unajua."

"Najua. Lakini mzazi anayeleta mtoto wake pale anajuaje? Yeye ana ile tarehe tu ya kumlinda."

Binti akakata simu bila kuaga.

Siku zikaenda. Foleni ya chumba cha kwanza ikafika mlango wa nje. "Chumba kipo, kiti kipo, tunasubiri nini?" watu wakanung'unika, naye akawaeleza ukweli ulivyo, mmoja mmoja, akawaletea mabenchi. Mkwe alipokuja kuleta karatasi zake za mafunzo, alitupa shikamoo kama anayetupa ganda la muwa, akaondoka kabla ya kuitikiwa. Bi Faili alimeza hilo pia. Usiku mmoja hakulala, akiwaza kwamba kama mkataba ungekatika, nyumba mbili, yake na ya binti yake, zingekosa kazi kwa mstari wake mmoja.

Siku ya kumi na mbili leseni mpya ikaja. Akasoma tarehe, akampa mkwe ufunguo.

Mwisho wa mwezi mkaguzi naye akafika, bwana mpole mwenye sauti ya chini. Akafunua daftari ukurasa kwa ukurasa, kisha akasimama kwenye mstari ule. Meneja akaanza kuangalia dari.

"Siku kumi na moja chumba hakikufanya kazi. Kwa nini hamkuweka mtu mwingine?"

"Hatukuwa na mwingine mwenye leseni," Bi Faili akajibu.

"Nani aliamua kufunga?"

"Mimi."

"Na mpimaji mwenyewe?"

"Ni mimi," ikatoka sauti mlangoni. Mkwe alikuwa amesimama pale, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. "Nilizembea mafunzo. Huyu ni mama wa mke wangu, na hakunionea."

Mkaguzi akawatazama wote wawili. "Mwezi huu nimekagua kliniki saba," akasema polepole. "Hakuna hata moja iliyowahi kufunga chumba, hata siku moja. Itabidi nizirudie zote." Akatoa kalamu, akatia sahihi mkataba uendelee miaka mitatu.

Alipoondoka, meneja akawageukia wagonjwa kwenye mabenchi, kifua mbele. "Hapa kwetu leseni ikiisha, tunafunga!"

"Tunafunga, sisi nani, bosi?" mkwe akamuuliza. "Aliyefunga yuko pale dirishani."

Watu wakageuka kumtazama. Bi Faili hakupenda kutazamwa maisha yake yote, lakini siku ile alinyoosha mgongo, akawaacha watazame.