Sabufa Iliyomeza Sauti ya Nne

Kuna aibu za kusimulia umekaa na kuna za kusimulia umesimama karibu na mlango. Hii yangu ni ya mlangoni, maana mpaka leo nikiwa na shughuli Kibondo nashusha kofia hadi puani, na bado akina mama wa sokoni wananitambua na kuulizana kwa sauti, "Si yule wa besi?"

Mimi ni mtu wa ndani. Hapa Kasulu wenzangu wakienda shamba au mnadani, mimi niko kwenye chumba changu kimoja cha tofali za kuchoma, trei za mayai ukutani, godoro limening'inia mlangoni, narekodi kwaya. (Mgeni akiniulizia, mama anamjibu, "Yumo ndani, anaatamia.")

Basi kwaya moja ya Kibondo ikaniletea albamu nzima, na mwenyekiti wake, ambaye ndiye kiongozi wa sauti ya nne, yaani wale wanaume wa besi, alikuwa Mzee Bukuru, baba yake Leokadia. Mimi na Leokadia tulishaelewana, kilichobaki ni mzee, naye alishatamka kwamba binti yake hamtoi kwa kijana anayeshinda kivulini haijulikani anafanya nini. Kwa hiyo ile haikuwa albamu, jamani, ile ilikuwa posa yangu inayoimbwa kwa sauti nne.

Spika zangu za zamani zilikuwa zimechoka (moja ilikuwa haiongei mpaka uizabe kofi), nikaenda dukani kwa Hemedi. Akanipangia mezani spika mbili za studio, ndogo, nyeusi, hazina hata taa, na pembeni sabufa kubwa inayobadilisha rangi kama kinyonga mwenye haraka. Akapiga wimbo uleule kotekote. Zile ndogo ziliimba kavu kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Sabufa iliunguruma hadi glasi za duka la jirani zikagongana, na mama mmoja aliyejitwisha ndizi akasimama kucheza bila kuzitua.

"Watu wa studio huwa wananiulizia hizi ndogo," Hemedi akasema, "ila masikio ni yako."

"Hemedi bwana, mteja akiona spika kama viatu vya mtoto ataniamini?"

Nikabeba sabufa.

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia. Sabufa ina tabia ya kuongeza besi ya kwake, halafu nikaiweka konani, ukuta nao ukaongeza ya kwake, kwa hiyo wanaume wa Mzee Bukuru walipoimba chumba kilitetemeka kama mvua inakuja, nikawapunguza, nikawapunguza tena, mpaka wakakaa vizuri kabisa, kwangu pale. Mzee akaja kusikiliza, akaweka kiganja juu ya sabufa, akafumba macho.

"Yewe! Huyu ni mimi kweli?"

"Ni wewe, baba."

Moyoni nikajiita mkwe.

Asubuhi ya uzinduzi nikapata lifti ya mwinjilisti kwenda Kibondo, naye kwa furaha akachomeka flashi yenye albamu kwenye redio ya gari. Soprano safi. Kinanda safi. Sauti ya nne, hakuna.

"Mwinjilisti, redio yako nzima?"

"Mpya hii, nimeifunga juzi."

Nikachomeka earphone kwenye simu, nikasikiliza tena. Hakuna. Jasho likanitoka na baridi yote ile ya asubuhi, nikawaza ni redio, nikawaza ni masikio, mwishowe nikamwomba Mungu atuvunjie ekseli, lakini gari la mtumishi lilikuwa linakwenda vizuri kwa neema.

Na mnajua uzinduzi ulivyo: kwaya haiimbi, wimbo unapigwa, wao wanacheza na kufuatisha midomo. Wimbo wa kwanza ukafika kwenye ubeti wa besi peke yao. Kanisa likabaki na kinanda kinacholia ti-ti-ti, na safu nzima ya wanaume wenye suti za bluu wakifungua na kufumba midomo kama samaki kwenye sakafu ya boti. Watoto ndio walianza kucheka. Mgeni rasmi akamnong'oneza mchungaji, "Mbona wazee wanapiga miayo?"

Nikamkimbilia fundi wa mitambo, "Ongeza besi, ndugu yangu!" Akaongeza. Wanaume hawakuja, ikaja ngoma na mngurumo wa jenereta, vumbi likashuka kutoka kwenye kenchi za paa hadi kwenye suti zao. Ndipo nikanyakua maiki, nikaiwasha, nikatambaa nyuma ya kwaya hadi kwa Mzee Bukuru, nikamshikisha ili waimbe laivu. Mzee, hajui kama iko hewani, akamgeukia jirani yake, na kanisa zima likasikia besi kwa mara ya kwanza siku ile:

"Huyu ndiye anamtaka Leokadia wangu. Sauti zetu zote kazipoteza ndani ya chumba kimoja, binti si atampoteza sokoni?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko. Leokadia akaficha uso kwa viganja katikati ya soprano. Mama mmoja, sijui alielewa nini, akapiga kigelegele. Na mchungaji: "Kijana uliyechuchumaa huko nyuma, hebu simama tukuone."

Nikasimama.

Baada ya ibada mzee aliniita pembeni. "Tutarudi Kasulu tuimbe upya. Ila sitasikilizia kwako, nitasikilizia hapahapa kanisani. Nikijisikia, tuma wazee wako. Nisipojisikia, tutabaki kusalimiana."

Nikabadilisha sabufa kwa zile ndogo (Hemedi hakucheka, alikohoa tu muda mrefu), nikarekodi upya, nikasikiliza kwenye gari, kwenye simu, kwenye redio ya mama jikoni, nikatuma kazi, nikakosa usingizi. Jumapili wakaupiga wimbo kanisani. Leokadia akanipigia, akaielekeza simu kwenye spika za kanisa, nikasikia soprano, nikasikia makofi, besi sikusikia hata chembe, na simu ya kupigiwa haipitishi besi hata ya radi, kwa hiyo nimesimama pale nimeshikilia ukuta, sijui naoa au nasalimia, mpaka akarudi hewani.

"Baba anauliza wazee wako wanakuja lini."

Nimeapa: spika ikinisifia dukani, naiacha palepale ilipo.