Hiyo jino niliiona mimi

Leo nimejaribu kusaidia mtu nikamharibia.

Dokta wangu anaomba kazi chuo moja ya ng'ambo, ya kufundisha mambo ya mifupa za kale. Mimi ndio nilikuwa namchekechea mchanga kule alikuwa anachimba hadi jino moja ya kale ikapatikana, so akaniweka kwa fomu kama mtu anajua kazi yake.

Asubuhi niko Riruta nauza soksi zangu, simu ikalia. Mama wa hiyo chuo, na Kiswahili yake inashinda yangu.

"Lile jino la kale, nani aliliona kwanza?"

Ukweli ni mimi. Dokta alikuwa kwa hema anakunywa chai. Lakini mzee wa watu amehangaika miaka na vibarua vya kufundisha, nikasema wacha nimbebe.

"Ni Dokta mwenyewe, madam."

Nikasikia anapindua karatasi.

"Ajabu. Yeye ameandika ni wewe."

Nikabaki nimeshika soksi moja.

Kumbe aliandika jina yangu kwa kitu kubwa hivyo, na hakuwahi niambia. Sasa mmoja wetu ni mwongo, na kazi ni yake ndio inaenda.

Nimenunua kredo ya kumpigia huyo mama. Mwenye anajua vile mtu huanza kusema "madam, nilikudanganya", aniandikie hapa.