Kamba ya Upinde wa Auntie Pami

Sisi tuliokua mtaa wa Woodley miaka ile ambayo nyumba nzima ilikuwa na simu moja, nayo ikakaa mfukoni mwa baba, tulikuwa na vitu vichache vya kuchezea na watu wengi wa kuvichezea. Baiskeli moja ilizungushwa mtaa mzima mpaka hakuna aliyekumbuka ni ya nani. Tulicheza kati, mmoja akikwepa katikati mpira wa makaratasi ya nailoni, tukacheza brikicho, kujificha na kutafutana, mpaka mama mmoja aite, halafu wote waite. Mabuyu yalitupaka midomo rangi nyekundu, kwa hivyo ukisema hujala kitu unashikwa hata kabla ya kumaliza. Sijui kama naeleza vizuri. Shule niliachia njiani, na huwa naogopa kuandika jambo ambalo dada yangu akisoma atasema haikuwa hivyo. Lakini hili la upinde nalikumbuka, na nitajaribu kumtendea kila mtu haki.

Upinde ulikuwa wa Auntie Pami, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa kule Ngara. Mama yetu alikuwa fundi wa kushona, na bitana na vifungo vyake vyote alivitoa kwa Auntie. Dada yangu Wairimu, wakati huo yuko Form One, alikuwa ameingia kikundi cha kulenga shabaha kilichokutana Jumamosi nyuma ya ukumbi wa kanisa. Auntie aliposikia habari hiyo, akapanda kiti na kuteremsha kutoka juu ya kabati upinde aliotumia mwenyewe usichanani. Ulikuwa wa mbao iliyobandikwa faiba, na ncha zake zimejikunja kwenda mbele kama kope. Yale mabapa mawili, la juu na la chini, sisi tuliyaita mabawa.

Aliutoa na masharti yake. Usiusimamishe kwenye kona kama ufagio. Usiuache juani. Na usiuvalishe uzi wake, ule wa kurushia mshale, kwa kuupitisha katikati ya miguu na kuukunja kwa paja, maana bawa moja litapinda upande na halitarudi. Kwa kazi hiyo alitupa kamba ya kijani yenye kifuko cha ngozi kila mwisho. Unavalisha vifuko kwenye ncha mbili, unakanyaga kamba katikati, unainua upinde, na mabawa yote yanajikunja sawasawa. Uzi unaingia mahali pake bila kulazimishwa. Mimi niliona ni kama uchawi.

Sasa, Mama naye alikuwa na shida yake. Kamba ya kuanika nyuma ya jikoni ilikatika, na sare za shule za watu zilikuwa zinangoja kukauka ili zipigwe pasi. Aliona kamba nzuri ya kijani imelala, akaifunga kati ya nguzo mbili, na vile vifuko akavitia vibanio vya nguo. Alivisifu hata. Alisema huyu aliyefikiria mahali pa kuweka vibanio alikuwa mtu wa akili.

Wairimu aliona. Mimi pia niliona. Lakini wenzangu wa rika langu mtanielewa: kwetu mtoto hakumdai mama kitu. Ungeenda kusema nini? Mama, nipe kamba nichezee, nguo ziende chini? Kwa hivyo Wairimu akaanza kuuvalisha uzi kwa mguu. Wiki nyingi hakuna kilichotokea, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Ijumaa moja alasiri, kesho yake ikiwa siku ya kuchagua watakaowakilisha kikundi mashindanoni, akauvalisha uzi na kuushika mbele yake ili autazame kwa nyuma kama alivyofundishwa. Uzi unatakiwa upite katikati ya bawa la juu na la chini, kama mstari wa nywele ulionyooka. Chini ulipita katikati. Juu ulikuwa umelalia kushoto, karibu na ukingo. Alivuta kidogo tu, na uzi ukalia. Ukitoka ukiwa umevutwa kabisa, unaweza kumpiga mtu jichoni. Akautoa taratibu, akakaa kwenye ngazi ya jikoni, chini ya zile nguo zilizoanikwa.

Mama alitukuta hapo. Alipoelewa ni nini, hakupiga mtu. Afadhali angepiga. Alivaa viatu vyake vya kanisani, akasema twendeni Ngara, huyu aende amwambie mwenyewe. "Kitu ya watu unaharibu hivi, Wairimu? Mimi nachukua bitana ya nani kesho?" Wairimu alibeba upinde umelala kwenye mikono yake, kama mtoto mchanga mgonjwa. Nilifikiri atasema ile habari ya kamba. Kila tulipopita nguzo ya stima nilifikiri atasema.

Dukani Auntie Pami aliacha kupima kitambaa. Aliuvalisha uzi mwenyewe, kwa kamba nyingine, akafumba jicho moja na kuangalia kwa muda mrefu.

"Hii mmevalisha na mguu," alisema.

Wairimu akasema ndiyo.

"Na kamba yangu iko wapi? Ile ya kijani. Iko na mfuko mbili ya ngozi."

Wairimu aliangalia sakafu. Najiuliza mpaka leo kama alinyamaza kwa heshima au kwa woga. Siwezi kusema kwa niaba yake. Mama alikuwa ameshaanza kumgeukia, mdomo umefunguka tayari kumgombeza, halafu nikaona uso wake unabadilika. Aliona vile vifuko. Aliviona pale dukani, vikiwa nyumbani vimejaa vibanio.

"Mama Wairimu?" Auntie akauliza.

Mama angeweza kusema watoto wamepoteza, na sisi tungekubali. Alivuta pumzi. "Hiyo kamba nimeanika nguo."

Mteja mmoja aliyekuwa akichagua lesi akaacha kuchagua. Auntie alimtazama Mama, akamtazama Wairimu, kisha akavua pochi shingoni na kuiweka mezani. "Basi kuja wewe ushike," akamwambia Mama.

Maji ya moto yalitoka kwenye birika la chai, yakapozwa mpaka mkono uweze kuvumilia. Auntie aliloweka taulo, akalizungusha kwenye bawa la juu, tukangoja mbao ipate joto. Kisha Mama akashika upinde katikati, na Auntie akaligeuza bawa upande ule ambao halikutaka, akapitiliza kidogo. Lilitoa mlio mdogo. Sote tulisikia. Mama akaanza kukaza mikono yake, ile mikono ya kufua.

"Usikamue," Auntie akasema polepole. "Hii si shuka. Shikilia tu."

Wakashikilia, paji kwa paji karibu kugusana, mpaka taulo lenye maji baridi likamaliza kazi. Tukavalisha uzi. Ulikuwa umerudi nusu tu. Wairimu alikuwa ameuma kidole. Wakarudia, mara hii Mama akiwa ametulia kama anatunga uzi kwenye sindano, na uzi wa upinde ulipovalishwa tena ukapita katikati. Auntie akauvuta mara kadhaa bila mshale. Haukulia.

"Kesho apige," alisema. "Lakini na kamba yake."

Jioni hiyo Mama aliteremsha nguo zikiwa bado na maji, akazitandaza kwenye viti vya sebuleni, na tukala tumesimama. Hakuomba msamaha. Wazazi wa zamani hawakuwa na neno hilo kwa watoto. Aliifungua kamba nguzoni, akaikunja, akaiweka juu ya begi la Wairimu. Kesho yake dada alichaguliwa wa mwisho katika waliochaguliwa. Wa mwisho bado yuko ndani.

Auntie alipofunga duka na kuhama aliuacha upinde kwetu. Leo uko nyumbani kwangu Mountain View, umelala juu ya misumari miwili, bila uzi. Watoto wa siku hizi wana kila mtu simu yake, chaja yake, hata kikombe chake. Mpwa wangu aliutafuta kwenye simu, akajua jina la kila sehemu kwa Kizungu, kisha akauegemeza kwenye kona kama ufagio. Simlaumu. Hajawahi kushika kitu ambacho ni cha mwingine, kitu ambacho kikiharibika lazima uvae viatu vya kanisani uende kukisema.

Nguo zangu naanika kwa waya. Kamba ya kijani inaning'inia kando ya upinde, na ndani ya kifuko kimoja bado mna kibanio cha Mama. Wairimu akija hukigusa tu kwa nje ya ngozi, halafu anakiacha hapo.