Daktari Picha na Umri wa Ubongo Wake

Jamaa walimwita Daktari Picha, na mwenyewe alikiri kwamba jina lilimfaa kuliko cheti. Udaktari aliusomea kweli, lakini siku moja akiwa mazoezini wodini aliona damu akazirai, na mgonjwa ndiye aliyemdaka asijigonge. Baada ya aibu ile alikimbilia kompyuta, ambazo zikiumia hazitoi damu, akaangukia fani changa iitwayo nyuroinformatiki: kukusanya picha na vipimo vya ubongo kutoka hospitali mbalimbali, kuviweka katika ghala moja, kisha kuiachia kompyuta itafute yale yanayoyapita macho ya binadamu.

Mama yake alisikiliza maelezo hayo mpaka mwisho.

"Sasa wagonjwa wako wako wapi?"

"Sina, mama."

"Basi sema umesoma. Usiwaambie watu wewe daktari."

Kituo kilianzia katika chumba kimoja cha chuo, zamani stoo ya vitanda vibovu. Serikali ilipokubali kuugharamia utafiti huo kwa kodi za wananchi, chumba kikazaa ghorofa nzima, na Daktari Picha akawa mkuu. Ukubwa ulimletea kiti kinachozunguka na kazi ya kuomba. Hospitali zilikuwa na picha za ubongo tele, ila ziliziatamia kama kuku mwenye mayai. Alibisha hodi moja baada ya nyingine, akaeleza kwamba majina ya wagonjwa yatafutwa, akanyweshwa chai, akarudi mikono mitupu. Alijiona kama mshenga wa harusi ambayo bibi harusi hajaambiwa.

Muda wa ufadhili ulipokaribia kwisha, kamati ya bunge ikatangaza itakuja kujionea. Kituo kilikuwa na programu inayotazama picha ya ubongo na kukadiria umri wake. Ubongo ukionekana mzee kuliko mwenyewe, daktari anapata sababu ya kuchunguza mapema. Msichana aliyeiandaa programu hiyo alishauri waijaribu kwanza.

"Ya nini?" alisema Daktari Picha. "Tutaijaribu mbele yao. Tena tumia picha ya ubongo wangu. Wenye afya kama huu humu ndani hamna."

Msichana akaenda kuitafuta picha hiyo.

Siku ikafika. Waheshimiwa wakajipanga mbele ya kioo kikubwa cha kompyuta, mwenyekiti wao akiwa mama aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, na ualimu haukuwa umemtoka. Msichana akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaandika: miaka sabini na moja.

"Daktari," akasema mwenyekiti, "wewe una miaka mingapi?"

"Arobaini na sita, mheshimiwa."

"Kumbe ubongo wako umekutangulia kustaafu."

Chumba kizima kikacheka. Daktari Picha alitafuta hotuba aliyoikariri wiki nzima, asiipate hata neno moja, akawaza kwamba huenda kompyuta haijakosea. Kwa kuwa maneno makubwa yalikuwa yamemkimbia, akasema madogo.

"Mheshimiwa, programu hii imefundishwa kwa picha za watu wa mbali, zilizopigwa kwa mashine tofauti na zetu. Ni sawa na fundi cherehani aliyezoea vipimo vya mtaa mmoja. Mgeni akija, anamshonea suruali ya kuburuza chini, halafu anasema miguu ya mgeni ndiyo mifupi."

"Kwa nini hamkuifundisha kwa picha za watu wetu?"

"Hatuna za kutosha. Hospitali za umma zinazo, ila hazitupi."

"Umeziomba?"

"Nimeziomba mpaka nimezeeka, kama mnavyoona."

Safari hii mwenyekiti mwenyewe alicheka, kisha akaandika kwa muda mrefu.

Habari zilimtangulia nyumbani. Mkewe alimfungulia mlango, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," alijibu, maana hakuwa na nguvu za kubisha.

Mama yake alipiga simu kusema kwamba sasa wamepishana miaka mitatu tu, kwa hiyo asimwite tena mama, amwite dada.

Uamuzi ulitoka baada ya miezi michache. Ufadhili uliongezwa, na hospitali zinazoendeshwa kwa fedha za umma zikaagizwa kuchangia picha, kwa ridhaa ya wagonjwa. Safari zake za mikutano ya ng'ambo zilifutwa zote. Aliona ni haki: kila alikokwenda alisinzia mstari wa mbele.

Mzigo wa kwanza wa picha ulipowasili kutoka hospitali moja, kituo kizima kilikusanyika kuufungua. Yalikuwa magoti matupu. Daktari Picha akampigia simu mpiga picha wa hospitali ile.

"Ndugu yangu, tunashukuru sana kwa magoti. Tunaomba mpande juu kidogo."

"Samahani, daktari. Nilisikia ni utafiti wa wazee."

Alicheka mpaka akakaa chini. Juma lililofuata zikaja nyingine, vichwa vitupu, na nyuma yake hospitali ya pili nayo ikatuma zake. Yeye na msichana wa programu wakavuta viti, wakaanza kuzikagua picha moja moja, za watu wasiowajua na ambao hawatawajua kamwe, na kila iliyokuwa safi waliipokea kwa furaha, kama mgeni aliyesubiriwa siku nyingi.