Nyumba ya Nusu Bei Kyumbi

Mtaa nafuu ni ule ambao kodi, nauli na maji yake, vikijumlishwa, havizidi uwezo wa mkaazi. Kodi peke yake haitoshi.

Leo nimeisahau fasili hiyo kwa nusu saa.

Kodi yangu hapa Machakos mjini imepanda, nami sina budi kuhama kabla ya mwezi kuisha. Asubuhi nikaenda Kyumbi, nje ya mji, kutazama nyumba ya nusu ya bei hiyo. Aliyenitembeza ni mpangaji anayeondoka, mama mmoja aliyekuwa akikunja mapazia.

"Ndugu yangu, maji hapa inaletwa na punda," akaniambia. "Punda akigoma, hata wewe hauogi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Na wewe unahama kutoka wapi?"

Nikamtajia ploti ninayopanga mjini.

Mapazia yakamdondoka. "Ile iko na maji kila siku? Wee! Nipatie namba ya keateka, yule msimamizi wa ploti!"

Nimempa. Naye amenipa namba ya mwenye nyumba wake.

Nimerudi nimechoka, na bado sijapiga simu.

Niambieni, marafiki: ikiwa sisi wawili tumepiga hesabu zetu sawasawa, mtaa nafuu uko wapi?